Taa Mbili za Rumonge
Hongera, mdogo wangu: kamera shingoni, kizibao cha mifuko minane, na jina jipya, "mtaalamu". Jioni, hapa Rumonge, unalipiga picha Ziwa Tanganyika, jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Sifa tele, faranga hakuna. Harusini unapiga goti upate pembe nzuri. Shangazi anakutangulia na simu yake, kisha anakuomba usogee, unamziba. Mtazame mvuvi wa ndagala. Naye anategemea taa, kama wewe na taa ya kamera yako, tena usiku usio na mwezi. Ila akitia nanga alfajiri, wachuuzi wanamngoja na beseni na pesa mkononi. Hakuna anayemwambia: "Nipe bure, kaka, nitakutangaza."