Mgeni wa Pwani Mezani Lisbon

Miongoni mwa miji mikongwe ya Ulaya, Lisbon, mji mkuu wa Ureno, una namna yake ya kumtatiza mgeni kutoka pwani ya Afrika Mashariki, kwani wenyeji wake ni wapole na kinachomponza mgeni huyo ni adabu njema aliyolelewa nayo.

Mkasa huanzia mezani, ambapo mhudumu, kabla hajaagizwa lolote, huleta mkate, zeituni na jibini, yaani kitangulizi cha mlo ambacho Wareno hukiita couvert. Naye mgeni, aliyefunzwa tangu utotoni kwamba kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima, hukila chote, huiombea nyumba hiyo baraka, kisha huukuta ukarimu wote umeorodheshwa kwenye bili. Sheria ya Ureno humkinga mteja asitozwe kwa asichokiagiza wala kukigusa, lakini haiwezi kuitetea sahani iliyobaki kokwa tupu. Vasco da Gama, ambaye kaburi lake limo katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, mtaani Belém, alipofika Malindi mwaka 1498 alikirimiwa na mfalme wa huko na kupewa rubani wa kumvusha Bahari Hindi, wala haijapata kusimuliwa kwamba aliletewa bili.

Usiku mambo huzidi. Fado, nyimbo za majonzi ziimbwazo kwa gitaa la Kireno lenye nyuzi 12, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2011 kuwa urithi wa utamaduni, husikilizwa kwa ukimya mkali: katika vijumba vya mtaa wa Alfama taa hupunguzwa, wahudumu huacha kuhudumu, na mwenye kikohozi hukimeza. Mgeni aliyezoea taarabu, ambako kumtunza mwimbaji ndiyo heshima yenyewe, huinuka katikati ya ubeti wenye uchungu kuliko yote, akajongea kwa madaha huku noti ya euro 10 ikipepea kidoleni. Na kwa kuwa waimbaji wa fado aghalabu hufumba macho, mgeni hukosa wa kuipokea, akabaki kasimama pale mbele hadi wimbo uishe, keshakuwa sehemu ya onyesho.

Baadaye huja Bairro Alto, mtaa wa kilimani ambako watu hunywa na kupiga soga wamesimama barabarani hadi usiku wa manane. Kupanda si tatizo. Njia zake, hata hivyo, zimetandazwa vijiwe vya chokaa vilivyolainishwa na nyayo, na mgeni aliyevaa viatu vyake vya sikukuu huteremka ama kwa kukumbatia kuta za watu asiowajua, ama kwa makalio, njia ambayo ni ya haraka zaidi.