Kigeti cha Mlangoni

Kigeti cha ndani ni fremu fupi ya mbao inayofungwa mlangoni ili mtoto anayetambaa asilifikie jiko la mkaa, na kuku asiifikie sebule. Wilaya ya Kishapu, yenye makao makuu Mhunze, si ngeni kwa mageti. Mgodi wake wa Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, una uzio na walinzi. Nyumbani, lakini, mtoto hulindwa kwa ndoo iliyopinduliwa na kauli ya "we, rudi huku!"

Kazi huanza kwa kupima upana wa mlango juu, kati na chini, maana miimo miwili ya nyumba moja nadra kukubaliana. Mbao za mbili kwa mbili hutosha fremu. Za moja kwa mbili huwa fito. Fito husimama wima. Zikilazwa huwa ngazi, na mtoto wa mwaka mmoja hahitaji kufundishwa matumizi ya ngazi. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, kichwa kisije kikanasa. Kimo cha sentimita 75 chatosha. Mbao hupigwa randa na msasa, vichwa vya misumari huzamishwa, bawaba huwekwa upande mmoja na komeo mwingine, kwa nje, mkono mdogo usikofika.

Fundi hukabidhi kazi siku chache tu baada ya "kesho asubuhi" ya tatu. Kigeti humzuia mtoto vizuri, na mgeni pia, kwa goti. Kuku hupita juu.