Laki Tatu na Gari Lililo Juu ya Mawe

Kijiwe cha kahawa, Temeke, jioni. Mzee Mstaafu ametoka kuchukua pensheni. Corolla yake, AE100 iliyolala uani juu ya mawe kwa miaka, ameamua irudi barabarani.

DOGO BODA: Shikamoo mzee. Ni ile ambayo kuku wanatagia siti ya nyuma?

MSTAAFU: Marahaba. Nimeshawapa notisi. Nina laki tatu, naanza na rangi, majirani wafunge midomo.

PROFESA: Hapo umenena! Rangi, halafu rimu za spoti. Gari ni muonekano.

FUNDI SPANA: Mzee, likiwaka utalisimamisha na nini?

MSTAAFU: Na breki zake. Si zimepumzika muda wote huo?

FUNDI SPANA: Zimekaa, hazikupumzika. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani hata gari likilala. Siku ukikanyaga mfululizo yakapata moto, ule unyevu unachemka, pedeli inazama hadi chini. Gari lisilowaka halijamgonga mtu, mzee. La kuogopa ni linalowaka.

MUUZA KAHAWA: Na petroli iliyomo?

FUNDI SPANA: Imwagwe yote. Imeshageuka utomvu, itaziba nozeli. Kazi hiyo, na kukagua waya zilizotafunwa na panya, mzee anafanya mwenyewe bure.

MSTAAFU: Tairi nimesalimika. Kashata bado zimejaa.

FUNDI SPANA: Tazama ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT. Namba nne zinasemaje?

MSTAAFU: Nilipozifuta vumbi niliona 2411. Nikadhani ndiyo bei.

FUNDI SPANA: Tairi hilo limetengenezwa wiki ya 24, mwaka 2011. Mpira huzeeka hata usipotembea.

DOGO BODA: Kumbe lina umri wa kwenda sekondari!

PROFESA: Mnasahau mkanda wa taimingi. Ukikatika, vali zote zinapinda, injini kwisha.

FUNDI SPANA: Injini gani, Profesa?

PROFESA: Injini… ya gari.

FUNDI SPANA: Hii ni 5A. Mkanda ukikatika inazima tu, vali hazigongani na pistoni. Ila kuzimiwa katikati ya malori ya Mbagala si raha. Utabadilishwa.

MSTAAFU: Haya, igawe laki tatu yangu.

FUNDI SPANA: Breki kwanza, kisha boljointi, kisha mkanda. Hivyo vyote, pamoja na pedi, nunua vipya. Taa na kioo cha pembeni, chukua vya mtumba Gerezani. Tairi zisubiri pensheni ijayo, na mpaka zipatikane gari halitoki getini.

MSTAAFU: Na rangi?

FUNDI SPANA: Rangi ni ile iliyopo.

PROFESA: Kwa hiyo utaendesha gari la mabaka?

MSTAAFU: Nikipita salama, wacha wayahesabu.

DOGO BODA: Basi panda boda, mzee, nikuwahishe Gerezani kabla hawajafunga.

*(Mstaafu anavaa miwani, anainama kwenye tairi la nyuma la pikipiki.)*

MSTAAFU: Namba mbona hazisomeki?

DOGO BODA: Zimefutika kidogo tu, mzee.

MSTAAFU: Kilichofutika ni namba au tairi?

MUUZA KAHAWA: Mzee, daladala za Gerezani zinapita hapo ng'ambo.