Jinsi ya Kuizuru Lamu kwa Siku Moja Bila Kugombana na Maji

Kwanza vua saa, uitie mfukoni. Lamu anayepanga siku ni maji, na maji hayamngoji mgeni hata akiwa na ratiba iliyochapwa kwa rangi. Ukifika gatini usimuulize nahodha mnaondoka saa ngapi. Muulize maji yanajaa lini. Hapo ndipo mtaanza kusikilizana.

Safari ya Takwa, mji uliohamwa kisiwani Manda katika karne ya 17, hupitia mkono wa bahari uliobanwa na mikoko. Maji yakijaa, mashua huingia hadi karibu na magofu. Yakipwa hubaki tope: nahodha atashika upondo, na wewe mwenye viatu vyeupe utashuka usukume. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, kwa hiyo ukiambiwa turudi, rudi. Picha utaimalizia mashuani. Ila usiondoke Takwa kabla ya kusimama ndani ya msikiti wa Ijumaa na kuitazama nguzo iliyo juu ya ukuta wa kibla. Itazame kwa macho yako, simu ikiwa mfukoni pamoja na ile saa.

Mjini, mfuate mtembezaji nyuma, usimtangulie. Ukisikia kwato, jibanze ukutani: punda aliyebebeshwa mawe hana breki, wala hajali hoteli yako ina nyota ngapi. Ngome iliyokamilika mwaka 1821 ilikuwa jela hadi 1984; leo ni makumbusho, kwa hiyo ingia bila hofu. Ukikuta wazee wamekaa barazani, toa salamu kabla ya kuinua kamera, tena ngoja uitikiwe. Jistiri, leso moja haina uzito begini. UNESCO iliutia mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2001, lakini vichochoro hivi ndivyo watoto wanavyopita kwenda chuoni, na mlango uliochongwa unaouegemea una wenyewe ndani, pengine wanataka kutoka.

Bei kubalianeni kabla ya kupanda mashua, kisha jioni lipa yote. Usianze kuomba punguzo eti upepo ulikuwa mdogo. Pesa hiyo ndiyo inayonunua tanga na kamba, na ndiyo inayomwezesha kijana wa Lamu kubaki baharini akijifunza unahodha. Mlipe.