Namna ya Kuuza Shaka kwa Bei ya Jumla

Ndugu Mkurugenzi, anza kwa kuujua ukweli kuliko wateja wako. Asiyejua hukanusha kwa kubahatisha. Anayejua hukanusha kwa ustadi. Mwaka 1977 mwanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon, James Black, aliwaeleza wakubwa zake kwamba kuchoma mafuta na makaa ya mawe kunaipasha dunia joto. Kampuni ikapiga hesabu zake yenyewe. Watafiti walipozichambua mwaka 2023 walikuta nyingi zilitabiri joto karibu sawasawa na lilivyopanda. Hesabu za namna hiyo huwekwa kabatini, na ufunguo unabaki na wewe.

Hadharani usitoke kwa jina lako. Unda umoja wenye jina la heshima, kama Global Climate Coalition wa mwaka 1989. Ungedhani ni wapanda miti, kumbe ni watu wa mafuta, makaa ya mawe na magari. Mwaka 1995 wataalamu wao wenyewe waliandika, kwa matumizi ya ndani, kwamba msingi wa sayansi ya dunia kupata joto haukanushiki. Likikufika la hivyo, kunywa maji, kisha lipia tangazo jingine. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakuwahi kuona bajeti ya matangazo ya kampuni ya mafuta.

Wengi huharibu kwa kutaka kushinda hoja. Kushinda kunadai ushahidi, na ushahidi huna. Wewe tafuta sare. Mwandishi wa habari mwadilifu atakusaidia bila kujua, maana anaogopa kuitwa mwenye upendeleo: atamweka mtu wako mmoja mbele ya msemaji wa maelfu ya wanasayansi, dakika tano kwa tano, na mtazamaji atalala akiamini wataalamu wamegawanyika nusu kwa nusu. Huyo mtu wako awe na shahada na, ikiwezekana, uzoefu wa sigara. Frederick Seitz aliwahi kuongoza Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, akaishauri kampuni ya tumbaku ya R.J. Reynolds, na mwaka 1998 akaunga mkono ombi la kupinga Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto.

Chagua pia wa kumshawishi. Mwaka 1991 kampuni za makaa ya mawe na umeme za Marekani ziliandaa kampeni ambayo mpango wake uliwataja walengwa waziwazi: wanaume wazee wenye elimu ndogo, na wanawake vijana wenye kipato cha chini. Maprofesa hawakuwamo.

Kuhusu bonge la theluji ambalo Seneta James Inhofe aliingia nalo katika Seneti ya Marekani mwaka 2015 kupinga habari za dunia kupata joto, sishauri. Huyeyuka.

Ukimaliza, funga duka bila aibu. Ule umoja wa Global Climate Coalition ulivunjwa mwaka 2002, ukitangaza kwamba umetimiza kazi yake. Hapo hawakudanganya: Marekani haijawahi kuiridhia Itifaki ya Kyoto.