Wiki Sita Mirembe

Nilipomwambia mama nataka kuomba kazi kitengo cha magonjwa ya akili, aliweka mwiko chini. "Mwanangu, miaka mitano ya udaktari, mwaka mzima wa utarajali, halafu uende Mirembe?" Hospitali hiyo ipo Dodoma tangu miaka ya 1920, lakini mtaani jina lake ni tusi. Bishana na kondakta kuhusu chenji, atakuuliza umetoroka lini.

Mimi nilishakwenda na kurudi. Nikiwa mwanafunzi nilizunguka wodi zake wiki sita, nikajifunza kusikiliza. Mgonjwa wa sonona ni nadra kukwambia ana huzuni. Atasema kichwa kinawaka moto, kifua kinabana, ana mawazo mengi. Ukimpa Panado na kumuaga, umempoteza. Kwa ujuzi huo nikadhani wasifu wangu utajiandika wenyewe.

Wa kwanza niliupamba kama bibi harusi. Mimi ni kiongozi wa kuzaliwa, sichoki, nikilala saa tatu zinanitosha, hakuna kazi nisiyoiweza. Nikampelekea dada mmoja, daktari aliyenitangulia kwenye fani. Akasoma, akanitazama juu ya miwani.

"Mdogo wangu, mgonjwa akikueleza haya ungempa nini?"

"Haloperidol, dada."

"Na hali hii imeanza lini?"

Nilikuwa nimeusambaza wasifu huo kwa siku tisa. Vigezo vya mania vinataka saba.

Akanipa somo ambalo chuoni halikufundishwa. Bingwa wa akili akishika wasifu, jicho lake liko kwenye mtiririko wa mawazo, hisia, na kama mwenyewe anajitambua. Usimwambie una huruma. Mwambie ulikaa na nani, ukafanya nini, wapi palikushinda. Mwaka uliokaa bure nao uandike, maana pengo ndilo atakalolisoma kwanza. Nikarudi mezani. 2021: niliuza samaki kwa mjomba nikisubiri ajira. Nikaeleza pia nilivyopitia mafaili ya wodi kuona ni wangapi waliopimwa uzito baada ya kuanza dawa, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hunenepesha, na mgonjwa akiona suruali haifungi anaziacha kimyakimya. Hapo nilijivunia kweli. Zikafika kurasa tatu.

Tangazo lilitaka mbili.

"Dokta, niachie mimi," alisema kijana wa steshenari. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya wanafunzi wanaotaka kutoa kopi, na umeme ulishakatika mara mbili asubuhi ile. Akapunguza hapa, akabana pale, akaprinti. Sikuusoma tena. Mtu anayesoma faili la mgonjwa mara tatu kabla ya kuandika dawa!

Siku ya usaili nilikuta mabingwa watatu, wapole kupita kiasi. Mwenyekiti aliongea kwa ile sauti ya chini tunayofundishwa kuitumia wodini.

"Karibu, dokta. Safari haikukuchosha?"

"Hapana, shikamoo."

"Marahaba. Tumeona ulikuwa Mirembe wiki sita. Na sasa unaendelea kutumia?"

"Kutumia nini, mzee?"

Wakatazamana. Akanisogezea karatasi taratibu, kama anayempa mtoto kikombe cha chai ya moto. Kijana alikuwa amefuta "mafunzo kwa vitendo" ili mstari usivuke ukurasa. Kilichobaki: Mirembe, Dodoma, wodi ya wanaume, wiki sita. Chini yake, 2021: nyumbani kwa mjomba. Samaki hawakuonekana. Mdhamini wa kwanza, ambaye nilimwandika "daktari bingwa aliyenisimamia wodini", alikuwa amebaki "daktari wangu". Mapendeleo: kutembea peke yangu, kuzungumza na watu nisiowajua.

Nilianza kujieleza kwa kasi, na kadiri nilivyokuwa nikieleza ndivyo nilivyozidi kufanana na karatasi. Mwenyekiti akainua mkono. Akasema hata kama ningekuwa nimelazwa, kwao si kikwazo, na kati ya madaktari hodari anaowajua wapo wanaomeza vidonge kila usiku na asubuhi wako kazini. Niliona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nimejitetea, kama vile nimesingiziwa wizi wa kuku.

Mambo yakatulia. Wakaniuliza habari za uzito na dawa, nikajibu vizuri, jasho likakauka. Mwishoni mwenyekiti akachukua kalamu ajaze fomu.

"Hivi dokta, leo ni siku gani?"

"Jumanne," nikasema, kwa sauti ya kujiamini.

Wote watatu wakaacha kuandika.