Klachi Isiyojua Kubembeleza

Nairobi inaendeshwa kwa nusu klachi. Kuanzia Ngara hadi mzunguko wa Globe, kisha ukipanda Museum Hill, dereva hasogei wala hasimami. Analibembeleza gari lisonge kidogo, litulie, lisonge tena. Walimu wa udereva huita kubalansi, na ole wake mwanafunzi atakayeshindwa kubalansi mlimani siku ya mtihani. Mimi leseni ninayo zamani. Ni gari langu ambalo siku hizi lingefeli.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX la gia za mkono, injini ya lita 2 yenye tabo. Mkenya haulizwi kwa nini ananunua Impreza. Colin McRae alishinda nalo Safari Rally mwaka 1997, Richard Burns akafuata 2000, na watoto waliokuwa kando ya barabara wakila vumbi lao sasa wana mishahara. Tena hatuliachi lilivyotoka kiwandani. Kwanza silensa, ili majirani wajue umefika. Halafu injini inawekewa programu mpya, tabo ipulize zaidi. Hapo ndipo klachi ya kawaida inaposalimu amri: uko gia ya nne, unakanyaga mafuta, mshale wa injini unaruka juu, mshale wa mwendo umekaa palepale, na ndani ya gari inaingia harufu kama ya lori linaloteremka Mai Mahiu kwa breki.

“Mkubwa,” fundi akaniambia, “nguvu umeongeza, lakini wa kuishika ni yule yule wa zamani.” Akatoa boksini klachi ya mashindano, inang'aa.

Nieleze kidogo kilichokuwa ndani ya boksi, maana vituko vyote vinatoka humo. Diski ya kawaida imezungushiwa utando mzima wa msuguano, na katikati ina springi za kumeza mshtuko. Ukiachia kanyagio polepole, inateleza kwanza, kisha inashika. Hii ya mashindano haina utando mzima. Ina vipande sita vya mchanganyiko wa shaba na kauri, katikati chuma kitupu bila springi, na presha pleti yake inabana kwa nguvu za kutisha. Inashika au haishiki. Imetengenezewa mtu anayeondoka mara moja bendera ikishushwa, si mtu anayefuata matatu ya Githurai.

Fundi simlaumu kwa kazi yake. Alishusha gia boksi, akapeleka flaiwili ikasawazishwe, akaweka na rilizi beringi mpya kwa kuwa hakuna mwenye akili anayeshusha gia boksi mara mbili kwa beringi. Akasisitiza niizoeshe klachi kwa kilomita kama 800 za mjini, za kukanyaga na kuachia, kabla ya kukimbia. Kukanyaga na kuachia! Nairobi hiyo huduma ni ya bure.

Abiria wa kwanza akawa mama mkwe, niliyekuwa nikimpeleka kanisani. Kila nilipoondoka kwenye foleni gari lilitikisika mbele na nyuma, naye akawa anaitikia kwa kichwa yote ninayosema, hata nilipokuwa nimenyamaza. Tulipofika Westlands akashika dashibodi kwa mikono miwili. “Baba Tina,” akasema kwa upole, “hili gari lina degedege?” Akaomba ashushwe apande matatu, kwa sababu matatu, kwa maneno yake, haina haraka.

Askari wa trafiki hakuwa na upole huo. Aliniashiria nisonge kidogo, kidogo tu, nami kidogo sina. Gari likaruka, yeye akaruka, halafu injini ikazima katikati ya mzunguko. Muuza karanga akaweka beseni chini, tayari kunisukuma, na akatangaza bei kabla hajaligusa gari.

Isitoshe, zile springi zilizokosekana zilikuwa na kazi nyingine: kutuliza meno ya gia. Sasa gari likisimama bila gia, chini kunalia chakacha, chakacha. Kijana wa kuosha magari aliniuliza kama nimepoteza funguo humo. Nikikanyaga klachi kelele zinakoma, kwa hiyo kwenye taa nyekundu nakaa nimekanyaga kanyagio, zito kwa ile presha pleti, hadi goti linatetemeka. Mke wangu anadai natembea nikiinama upande.

Lakini haki itendeke. Jumapili alfajiri, Southern Bypass ikiwa tupu, ukitoa gia ya pili kuingia ya tatu, inashika papo hapo, nguvu yote inafika chini, hakuna harufu. Ni klachi nzuri mno. Ubaya wake ni Jumatatu.

Fundi sasa ananiambia kwamba ipo ya katikati: presha pleti yenye nguvu zaidi, diski ya utando mzima, springi zake mahali pake. Habari hiyo ameitoa baada ya malipo, na gia boksi itabidi ishuke tena. Wewe mwenye Impreza la kwendea kazini, omba kuonyeshwa diski kabla hujatoa pesa. Ukikuta katikati hakuna springi, mrudishie mwenye duka, umwambie unakaa Kasarani.